Nyumba Iliyopigwa Deki

Binti yangu amemaliza shule na amechagua kazi. Angesema anataka uuguzi, ningemshonea sare kwa mikono yangu mwenyewe. Angesema anataka kuuza nyanya, ningemtafutia kibanda. Yeye amesema anataka kusomea upelelezi wa maeneo ya uhalifu, awe kama shangazi yake, na amelisema hilo mezani, mbele ya bibi yake, huku anamenya chungwa.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mama, mbona unanikanyaga?" akauliza.

Watoto wa siku hizi hata kukanyagwa hawajui. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa anapuliza chai. Hakuinua macho. Akasema tu, "Kazi ni kazi," akaendelea kupuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa zamani.

Niseme mapema ili mjue kwa nini nilikanyaga. Katika nyumba yetu kuna jambo moja ambalo halitamkwi mbele ya mama mkwe. Tunalijua watu wazima watatu: mimi, mume wangu, na dada yake. Jambo lenyewe ni kwamba mtu aliyemuua binti wa mwisho wa nyumba hii anatembea mitaani, ananenepa, na ameachiwa kwa sababu mama mwenyewe alipiga deki. Mama hajui. Tulikubaliana kwamba atakwenda kaburini bila kujua. Binti yangu wakati ule alikuwa mdogo, hakuambiwa kitu, na sasa ndiye amekuja mezani na kisu na chungwa kuchokonoa palepale.

Huyo shangazi mtu ana jina zuri alilopewa na baba yake, lakini sote tunamwita Poda. Mimi ndiye niliyembandika jina hilo, maana ni wifi yangu na utani ni haki yangu. Nilipoolewa hapa nilimkuta ameshaingia polisi, na kila jioni alirudi na unga mweusi kwenye mikono ya shati, unga wanaopaka milangoni kutafuta alama za vidole. Nikamwambia, "Wifi, wenzako wanapaka poda usoni wapate waume. Wewe unapaka milango ya watu. Utaolewa na bawaba." Akacheka mpaka akakaa chini. Hajaolewa mpaka leo, na utani ule nimeshaurudisha mfukoni.

Binti yangu anaijua kazi hiyo kutoka kwenye simu. Huko wanawake wamevaa miwani ya jua, wanaingia katika vyumba vya vioo, wanatazama unywele mmoja na kusema muuaji ana mguu mbovu. Ofisi ya Poda iko nyuma ya kituo, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya baiskeli zilizokamatwa, na bado kinanuka mpira. Brashi yake imekonda. Glavu za kutupa anazifua na kuzianika dirishani kama soksi. Kamera wanashirikiana na idara ya ajali za barabarani, kwa hiyo siku ikitokea ajali, aliyeuawa inabidi asubiri. Gari ni moja, na dereva ana mambo yake.

Basi mpaka afike, eneo la tukio limeshakuwa eneo la mazungumzo. Majirani wameingia, wametoka, wameonyeshana marehemu alipolala. Aliwahi kuitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyeibiwa televisheni. Mwizi alikuwa hana haraka, alikunywa maji mezani na kuiacha glasi. Mwalimu aliisimulia glasi ile vizuri sana, ilivyokuwa imekaa na ilivyobaki na maji nusu. Poda akauliza iko wapi. "Si hiyo unayonywea, mwanangu," mwalimu akasema. "Nimeiosha kwa ajili yako."

Haya alinisimulia mimi, kwenye chumba changu cha cherehani, nikishona na yeye ameegemea mlango. Mbele ya mama hakuthubutu. Mama mkwe alikuwa na sheria yake tangu siku ya kwanza: mambo ya maiti yaishie mlangoni. Poda akirudi kazini ilibidi abadilishe nguo uani, anawe mpaka viwikoni, ndipo aingie, na akiingia azungumzie mengine. Mama alikuwa anajivunia cheo cha binti yake, lakini kazi yenyewe hakutaka kuisikia, kama vile mtu anavyopenda nyama bila kutaka kuona bucha. Miaka yote ile Poda alijua ni kitu gani kisioshwe na kwa nini, na elimu hiyo haikuvuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Hilo linaniuma na sioni haya kusema linaniuma.

Maana mama mkwe wangu ni mwanamke wa usafi. Sisemi usafi wa kawaida. Huyu akiona kikombe kimekaa mezani bila mtu, anakiosha, na mwenyewe ukirudi kutoka chooni unakuta chai yako imeshamwagwa. Ukitaka kumpokea mgeni katika nyumba yenye vumbi, afadhali umwambie mgeni umekufa. Kwake uchafu ni aibu, na aibu ya mtoto ni ya mama.

Mtoto wa mwisho tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na viganja vidogo kama vya mtoto wa shule. Nilipomshonea glavu za harusi ilibidi nikate karatasi upya, vipimo vyangu vyote vilimpwaya. Aliolewa na mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpole mbele za watu, anayeamkia wakubwa kwa kuinama mpaka unamhurumia mgongo. Mama alimpenda mkwe huyo kuliko alivyompenda mtoto wake wa kiume, ambaye ni mume wangu, na hilo nalisema bila kinyongo. Labda kidogo.

Mwaka wa pili wa ndoa Kitinda alianza kuniletea magauni yake niyaongezee mikono. Gauni moja, nikadhani ni mtindo. Yalipofika matano nikamuuliza. Akasema jua linamchoma. Mimi ni fundi, najua mtu anayekimbia jua na najua mtu anayeficha mkono. Nikamwambia Poda siku ileile. Poda akaenda kwake, akapokewa kwa tabasamu na kinywaji baridi, akaambiwa, "Dada, kazi yako imekufanya uone wahalifu hata kwenye kabati la vyombo." Akarudi. Utamkamataje mtu ambaye mkewe anamtetea?

Asubuhi moja mkwe akampigia mama simu. Akasema mwenzake ameanguka jikoni, alipanda kwenye kigoda kuteremsha sufuria, kichwa kikapiga kona ya meza. Majirani walikuwa wameshamkimbiza hospitali, na hospitali ilikuwa imeshasema haina la kufanya. Askari wa kituo cha karibu alifika, akaonyeshwa jikoni, akaona kigoda na damu, akasema wataalamu watakuja, kisha akaondoka kuwatafuta. Hakuacha hata kamba mlangoni. Wataalamu wenyewe, yaani Poda na mwenzake mmoja, walikuwa upande wa pili wa mji wakipaka unga kwenye dirisha la duka lililovunjwa.

Mama alifika kabla yao. Nyumba ilikuwa katika hali ile, na wanawake wa jirani wameshaanza kujikusanya getini kuja kutoa pole. Mkwe akamwambia, "Mama, watu wanakuja, na nyumba iko hivi." Hakumwambia asafishe. Alimwambia hivyo tu, kisha akaenda kuchota maji.

Mimi nilifika kwa miguu nyuma kidogo ya gari la Poda. Harufu ya ile dawa ya chupa ya kutoa madoa ilitupokea getini. Madirisha yote yalikuwa wazi. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani nje, shuka ziko kwenye kamba zinadondosha maji, na sakafu ya sebule ilikuwa inang'aa kiasi kwamba wanawake walikuwa wanavua viatu. Poda alisimama mlangoni na begi lake mkononi.

Mama akatoka, nguo ameifunga kiunoni, vidole vimekunjamana kwa maji. Akamkumbatia binti yake.

"Usihangaike, mwanangu," akamwambia sikioni, lakini nilisikia. "Nimeshasafisha kila mahali. Ukuta wa chumbani ndio ulinitesa, lakini umetoka. Mdogo wako hatasemwa na mtu."

Poda akaliweka begi chini taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Mkwe alikuwa amesema jikoni. Hakuna mtu aliyekuwa ametaja chumba cha kulala.

"Na huyu kijana wa watu," mama akaendelea, machozi yakimtoka, "amefiwa na mke, na bado amenichotea maji yeye mwenyewe, ndoo kwa ndoo. Mungu ambariki."

Kijana wa watu alikuwa kwenye kiti uani, ameinamisha kichwa, wazee wawili wanampapasa mabega. Poda alimtazama, naye akainua macho akamtazama Poda. Halafu akainama tena. Maji ya deki yalikuwa yameshamwagwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba, vitambaa vimeshafuliwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wifi yangu nilimkuta baadaye amechuchumaa pale mtaroni, anachota tope kwa kijiko.

Poda aliondolewa kwenye kesi siku hiyohiyo kwa kuwa ni ndugu wa marehemu. Wenzake walijitahidi, sitawasingizia. Walipuliza ile dawa yao ya kufichua damu kwenye ukuta wa chumbani, wakazima taa. Poda alinieleza walichokiona: ukuta mzima uling'aa, kila mahali sawasawa, kwa sababu dawa ya madoa nayo hung'aa vilevile. Ukuta uliosuguliwa na mama mkwe wangu haukubakiza neno. Alipokuwa ananieleza hayo alicheka, na sikukipenda kicheko chake.

Daktari alisema kichwa kile kilipigwa zaidi ya mara moja. Wakili wa mkwe akasema ndiyo, kigoda, meza na sakafu. Tulilolisikia mimi na Poda mlangoni lilikuwa la kusikia tu, mahakama hailipokei. Kikabaki kitu kimoja tu duniani kinachoweza kusema Kitinda hakufia jikoni, nacho ni macho ya mama.

Hapo ndipo Poda alipobanwa. Shahidi hafundishwi cha kusema. Hiyo ni sheria, na Poda ni mtu wa sheria mpaka kwenye kupanga foleni ya mkate. Tena, ili amwambie mama kwamba ule ukuta ni muhimu, ilibidi amwambie kwa nini ni muhimu, na akishajua kwa nini, atajua alichokifanya. Tulikaa mimi, yeye na kaka yake kwenye chumba changu cha cherehani. Mume wangu alisema mama ataanguka afe. Poda akasema, "Hatuhitaji kumwambia kitu. Mama hajawahi kusema uongo maishani. Ataulizwa, atajibu." Tukakubaliana hivyo.

Mama alikwenda mahakamani na gauni la kijivu nililomshonea. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke mpole, sauti yake ndogo.

"Mama, ulipofika nyumbani kwa binti yako uliona nini?"

"Niliona msiba."

"Ulisafisha wapi?"

"Jikoni."

"Na kwingine?"

"Sebuleni. Watu walikuwa wamepita na miguu yao."

"Na chumbani, mama?"

Mama aliwaangalia wanaume waliojaa mle ndani. Jaji, makarani, askari, watu wa magazeti, mkwe wake. Nilimwona anaishika ncha ya mtandio na kuivuta, kama anayefunika kitu.

"Chumba cha mwanangu kilikuwa safi," akasema. "Mwanangu alikuwa mtu msafi."

"Ukutani hukuona chochote?"

Wakili wa utetezi akasimama kupinga, lakini mama alikuwa ameshajibu. "Palikuwa safi, mwanangu. Hata wewe ungefurahi."

Msimwite mwongo. Mzazi hachungulii chumba cha mtoto wake aliyeolewa. Akiingia siku ya msiba kwa kulazimika, anatoka amefumba mdomo. Sasa umwambie asimame mbele ya wanaume wageni awatandikie kitanda cha mwanawe, ukuta wake, alivyokuwa amelala? Kumsitiri marehemu ndio wajibu wa mwisho wa mama. Alikuwa ameshaisafisha nyumba kwa maji, na siku ile aliisafisha tena kwa maneno. Poda alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakulia. Alikuwa anajikwangua kucha, akitafuta unga ambao haukuwepo.

Tulipotoka, wakili wa mkwe alimfuata mama kwenye kibaraza. Akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia neno. Nilidhani ni adabu. Mama akakaa kwenye benchi muda mrefu, akasema miguu imechoka.

Siku ya hukumu yule mtu aliachiwa. Alipita mbele yetu akamwamkia mama kwa kuinama kama kawaida yake, na mama akaitikia. Nyumbani, kabla hata hajavua viatu, mama akamgeukia Poda.

"Kwa nini wamemwachia?"

Poda alikuwa anafungua dirisha. "Ushahidi haukutosha, mama."

"Haukutosha."

"Haukutosha."

"Haya," mama akasema, akaenda jikoni. Tukatazamana sisi watatu, tukapumua. Tukaona tumeokoka.

Poda alibaki kazini. Wengi wangeacha, na mimi nilimshauri aache. Alichobadilisha ni namna ya kufanya kazi. Zamani akikuta watu wamefagia alikuwa anafoka mpaka mapovu. Sasa hafoki. Akifika anatafuta kwanza mwanamke mtu mzima kuliko wote nyumbani, anamkalisha mahali pa faragha, wanawake watupu, anamuuliza kitambaa cha deki kiko wapi na maji yamemwagwa upande gani. Kisha anamshika mkono na kumuuliza aliona nini kabla hajasafisha. Amefunga watu kadhaa kwa njia hiyo. Kila anapofunga mmoja, anakuja kwangu, anaegemea mlango na hasemi kitu.

Mama naye alibadilika kidogo. Aliacha kununua ile dawa ya chupa. Alisema inamkereketa kifua, anapiga deki kwa maji matupu. Tukasema ni uzee. Poda, anayesoma alama za watu kwa riziki yake, naye alisema ni uzee, akamletea dawa ya kikohozi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka binti yangu alipomaliza shule.

Poda alipoulizwa na mpwa wake kuhusu kazi, alimjibu, "Kasomee uhasibu." Ukimwambia mtoto hivyo umemwongezea hamu tu. Akapata masomo mafupi kwenye simu. Akamaliza poda ya mtoto wa jirani kwenye vioo vyangu vya dirisha. Akanibandulia alama za vidole kwenye mkasi, akaja kunithibitishia kwamba baba yake ndiye anayeutumia kukatia nyaya, jambo nililokuwa nalijua. Nilimkataza mara nyingi asizungumze mambo hayo mbele ya bibi. Akauliza kwa nini. Nikasema bibi hapendi. Angekuwa na akili ya upelelezi kweli, angeacha kuuliza hapo au angeuliza zaidi.

Juzi alasiri nilikuwa barazani na cherehani, natia pindo kwenye sare za shule, nikasikia sauti yake jikoni.

"Sasa bibi, sikiliza. Kanuni ya kwanza, usiguse. Kanuni ya pili, usioshe kitu, hata kama panatisha. Watu wanakosea hapo. Mtu anapiga deki anadhani anasaidia, kumbe anamfungulia muuaji mlango."

Mguu wangu ukabaki kwenye pedeli. Nilishona pindo, nikashona na upande wa pili wa sketi, nikaiziba kabisa. Nilipofika jikoni binti yangu alikuwa amekaa juu ya meza anabembeza miguu, na bibi yake amesimama na kitambaa mkononi.

"Toka nje," nikamwambia mtoto.

"Mwache," mama akasema. Kisha akamgeukia mjukuu wake kwa upole. "Nenda dukani ukaniletee chumvi."

"Bibi, chumvi ipo."

"Lete nyingine."

Alipotoka, mama akakaa. Nikaanza kusema watoto hawa na simu zao, na kwamba mambo ya kwenye simu nusu yake ni uongo.

"Unadhani sijui?" akaniuliza.

Nikakaa mbele yake.

"Siku niliyotoa ushahidi," akasema, "yule wakili wake alinifuata nje. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, 'Ahsante sana, mama. Umetusaidia sana.' Mimi ni mzee, mwanangu, si mjinga. Mtu hakushukuru kama hukumpa kitu. Nikakaa kwenye lile benchi nikajiuliza, nimempa nini huyu? Nikakumbuka nani alichota maji."

"Mama, umejua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nikangoja dada wa marehemu anigombeze. Siku ya hukumu nikamuuliza kwa makusudi kwa nini wamemwachia. Nilitaka aniambie. Aseme, mama ni wewe. Akasema ushahidi haukutosha." Alikuwa anakikunja kitambaa, anakikunjua. "Nikaona mtoto ananisitiri. Basi na mimi nikamwachia anisitiri. Akijua kwamba najua, atabeba na hilo. Ana mizigo ya kutosha."

Nikauliza kile ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza ipasavyo, na sijui kama ni huruma au ni ushenzi wangu.

"Ukutani palikuwa na nini, mama?"

Akakiweka kitambaa mezani.

"Mkono wake," akasema. "Kiganja kizima, na vidole vyote. Unakijua kiganja chake. Alikuwa ameshika ukuta, halafu umeteremka, umeteremka mpaka chini kabisa. Sikuhitaji mtaalamu kuniambia ni wa nani. Nilisema watu wasiuone. Nikausugua." Akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya meza, akautazama. "Niliusugua mkono wa mwanangu mpaka ukatoka."

Binti yangu akarudi na chumvi. Bibi yake akaipokea, akaifungua, akaimimina kwenye kopo lililokuwa limejaa, ikamwagika. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba hii, nilimwona anaacha kitu kimemwagika mezani.

Jumapili Poda, ambaye siku hizi amepanga kwake, alikuja kula, kama kawaida. Alinawa uani mpaka viwikoni, akabadilisha shati, akaingia. Mama naye alikuwa ameshaniapisha nisimwambie Poda, kwa hiyo nilikaa katikati yao nikipakua wali, nimebeba siri mbili zenye sura moja. Mume wangu alisifia mchuzi. Nikamwambia binti yangu kwa macho kwamba leo akifungua mdomo namshonea.

Aliyefungua mdomo ni bibi.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiyo kazi ya shangazi yako, nenda kaisome."

Poda akainua kichwa. Maisha yake yote hajawahi kusikia kazi yake ikitajwa kwenye meza ile.

"Kweli, bibi?"

"Kweli. Lakini ukishaipata, uwe unafika mapema," mama akasema, akiondoa mwiba wa samaki kwenye sahani ya mtoto. "Ufike kabla ya mama."

Binti yangu akaitikia kwamba atafika mapema, akaendelea kula. Poda alikuwa ameshika kijiko hewani. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama sahani, na mimi nikamtazama wifi yangu. Alikuwa ameshaisoma alama: mama anajua. Baadaye alisimama, akakusanya vyombo vyote mezani akaviacha kwenye karai bila kuviosha, akarudi akakaa karibu na mama yake.